Kinanda Kisichochomekwa

Nianze na hasira yangu, maana nikianza kwa upole nitakuwa nadanganya. Siku hizi nikipita mjini hapa Songea, iwe sokoni, iwe Majengo, iwe pale Mfaranyaki kwenye maduka ya simu yanayoweka spika nje, nasikia vidole vyangu. Sisemi nasikia nyimbo nilizopiga. Hizo ningezisikia kwa raha zangu. Nasema nasikia vidole vyangu ndani ya nyimbo ambazo sijawahi kuzipiga, za wasanii ambao sijawahi hata kupeana nao mkono. Ukinikuta nimesimama kando ya barabara nasonya peke yangu, usidhani nimechanganyikiwa. Kuna wimbo umepita.

Mimi ni mpiga kinanda wa studio. Kazi yenyewe iko hivi. Msanii ana wimbo lakini hana bendi. Anakwenda studio kwa prodyuza, yaani yule bwana mwenye kompyuta na mitambo. Prodyuza ananipigia simu. Nakwenda, nausikiliza wimbo mara moja au mbili, nautafutia kinanda chake, napiga, nanyanyuka, naondoka. Wimbo ukitoka, jina la prodyuza linatangulia kutamkwa kwa mbwembwe kabla hata mtu hajafungua mdomo kuimba, halafu linafuata la msanii. Langu halimo. Nimepigia kwaya, nimepigia bongo fleva, nimepigia matangazo ya mbegu za mahindi. Niliwahi kumpigia mzee mmoja wa Nalasi aliyetaka kaswida yake iwe na filimbi, naye baada ya kazi aliinua mikono akaniombea dua ndefu mpaka nikaona haya. Huyo peke yake ndiye ninayemkumbuka kwa kunishukuru, na hata si mtu wa dini yangu.

Sasa utauliza, kinanda ni kinanda, unajuaje kwamba hivyo vidole ni vyako? Najua kwa sababu ya kidole cha pete cha mkono wangu wa kulia.

Nilipokuwa mdogo baba alikuwa anagema ulanzi, na kisu cha kugemea kinanolewa kikanoleka, kwa sababu mwanzi ukikatwa vibaya hautoi pombe. Tulikatazwa kukigusa. Mimi nikakigusa. Mama alichana kanga yake, akanifunga kidole, akanibeba mgongoni mbio hadi zahanati, na njia nzima alikuwa ananigombeza huku analia. Kidole kilipona kikiwa kimepinda. Hakikunjuki vizuri, na hakishuki kwa wakati. Nilipoanza kujifunza kinanda shuleni, mwalimu wa muziki alihangaika nacho mpaka akachoka. Sauti zikiwa zinashuka mbio kutoka juu, vidole vingine vinakwenda, chenyewe kinabaki nyuma. Basi nikajizoeza kukiruka. Kidole cha mwisho kinagusa mapema, kwa wepesi, halafu cha kati kinawahi kupokea. Ukisikiliza vizuri utasikia muziki unachechemea kidogo hapo, halafu unaendelea na safari yake. Hakuna mtu mwingine anayepiga hivyo, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu na kidole kizima atakayepiga hivyo.

Mama yangu anaishi kijijini, upande wa Peramiho, pamoja na dada yangu. Mama ndiye mtu wa maneno haya yote. Kwa miaka mingi mama amenisikia nikipiga na hajawahi kuniona. Kanisani kwetu mjini kinanda kiko nyuma, juu, kwenye roshani ya kwaya. Waumini wanaangalia mbele. Mama akija mjini alikuwa anakaa benchi la mbele kabisa, amejitanda kitenge, na mama yangu si mtu wa kugeuza shingo kanisani. Kugeuka kuangalia nyuma wakati wa misa kwake ni utovu wa adabu, hata kama huko nyuma kuna mwanae. Studio haingii mtu asiyehusika. Baa hakanyagi. Kwa hiyo mtoto wake ni mpiga kinanda, na yeye kinanda na mtoto hajawahi kuviona pamoja.

Halafu macho yakaanza kumwisha. Presha ya macho. Daktari wa macho alimweleza kwa heshima na bila kumficha: kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kitakwenda kidogo kidogo. Mama alimshukuru. Njiani kurudi nyumbani, tulipokaribia kwetu, akanishika mkono.

"Baba," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, "nataka nikuone umekaa kwenye hicho kinanda chako. Mara moja tu inatosha. Miaka yote hii mgongo wangu ndio unaokuona."

Nikamwahidi. Nilimwambia kwaya yetu inajiandaa kurekodi albamu ya jubilei ya parokia, tena yenye video, na mpiga kinanda wa kwaya ni nani kama si mimi? "Utaniona kwenye televisheni ya dada, mama. Utaniona mpaka unichoke." Akacheka. Kesho yake kijiji kizima kikawa kinajua, kwa sababu mama kutunza habari njema hawezi.

Kumbe huku mjini mambo yalikuwa yameshapikwa.

Wa kwanza kunifumbua macho alikuwa mama lishe. Nilikuwa nakula zangu ugali na mboga za majani, likolo, kwenye kibanda chake, redio inaimba wimbo wa kijana mmoja anayetamba wakati huo, wimbo wa mapenzi, biti la kuchezeka. Kikapita kipande cha gitaa. Tonge halikufika mdomoni. Gitaa lilikuwa linashuka kutoka juu, likafika mahali, likachechemea, likaendelea. Nikamwomba mama lishe aongeze sauti. Kikarudi tena. Kikachechemea palepale.

"Vipi, unampenda huyu kijana?" mama lishe akaniuliza.

"Huyu kijana simjui hata kwa sura," nikamwambia. "Lakini hilo gitaa ni mkono wangu."

Akanitazama, akatazama sahani, nadhani alikuwa anaangalia kama nimekunywa kitu. Nikaacha ugali wangu pale nikaenda studio kwa miguu, na hasira zinanipanda kila ninapopiga hatua, kwa sababu nilikuwa nimeshakumbuka.

Siku moja, zamani kidogo, prodyuza alikuwa ameniita na hakukuwa na msanii. "Kaka mkubwa," akasema, "leo piga tu chochote. Nimeleta mitambo mipya, nataka niijaribu. Piga za kanisani, piga rumba, piga za harusi, piga kwa kila ki, ya juu na ya chini. Usisimame." Jamani, nilifurahi! Mpiga kinanda wa studio hapewi nafasi ya kupiga atakavyo. Kila siku ni "fupisha hapo, punguza pale, muache msanii asikike". Siku hiyo nilipiga mpaka mgongo ukauma. Nyimbo zote za kwaya yetu nilizipiga, moja baada ya nyingine, na mapambo yake yote, vile ninavyopiga siku ya sikukuu. Yeye alikuwa ananiletea soda na kunisifia. Mitambo ile, kumbe, hairekodi sauti. Inarekodi vidole. Umebonyeza wapi, kwa nguvu gani, umeachia lini. Mtu akishavipata vidole vyako anaweza kuvipandisha, kuvishusha, kuviharakisha, kuvivika sauti ya gitaa, ya filimbi, ya tarumbeta, ya chochote anachotaka. Mimi na soda yangu nilikuwa namkabidhi mtu mikono yangu huku nacheka.

Nilimkuta amevaa vile visikio vyake vikubwa. Nikamvua mwenyewe.

"Ule wimbo unaopigwa redioni, nani kapiga gitaa lile?"

"Lile?" Akajikuna kidevu. "Lile ni data tu, kaka mkubwa."

"Data ya nani?"

"Iko kwenye mashine."

"Ebo! Iliingiaje kwenye mashine? Ilipanda yenyewe kama panya?"

Akaanza kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Eti mimi ni baba yao wote, eti bila mimi studio za Songea zisingekuwepo, eti ni heshima kwangu kwamba vijana wanapenda ladha yangu. Ladha! Nikamuuliza kama ni heshima, mbona simu yangu haijalia miezi na miezi? Jibu wote wawili tulilijua. Aniite wa nini, wakati nimo mle ndani ya mashine, sichoki, sina nauli, siombi hata hiyo soda?

Nilimtukana. Sitarudia niliyoyasema, mama anaweza kusomewa haya. Nikatoka nikaubamiza mlango mpaka jirani yake fundi cherehani akatoka nje kuchungulia.

Hata hivyo, nikajifariji. Nikasema, sawa, hawa ni watu wa biashara, lakini kwaya ni nyumbani. Kwaya ile niliingia nikiwa kijana mwembamba, nimeipigia ndoa na misiba, nimeipigia pasaka umeme umekatika napiga kinanda cha kukanyaga kwa miguu mpaka jasho linaingia machoni. Kwaya haiwezi. Na ahadi ya mama iko kwa kwaya, haiko kwa prodyuza.

Mwenyekiti wetu wa kwaya ni mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti nzuri ya alto na mwenye kupenda mambo yaende haraka. Aliniita baada ya misa. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina." Akaniuliza mama anaendeleaje na macho. Akaniuliza nyumbani. Mtu akianza kukuuliza ya nyumbani kwa mpangilio hivyo, ujue anakuja na jambo.

Jambo lenyewe: kwaya imeshaingiza sauti. Walikwenda studio wenyewe, wiki ile niliyokuwa kijijini kwa mama. Vinanda vilikuwa tayari. Prodyuza aliwafungulia kwenye kompyuta, wimbo mmoja baada ya mwingine, na vyote, akasema mama mwenyekiti kwa mshangao wa kweli kabisa, "vilikuwa vilevile unavyopiga wewe! Yaani vilevile! Tukaona tusikusumbue."

Tukaona tusikusumbue. Mpaka leo nikiyakumbuka hayo maneno nakaza meno.

Nikamwambia, mama mwenyekiti, vilikuwa vilevile ninavyopiga kwa sababu ni mimi. Akasema, "Si ndiyo maana tumefurahi?" Hakuelewa. Au alielewa akaona njia ya mkato ni kutoelewa. Nikasema haidhuru, sauti imeshaingia, yaliyopita yamepita. Video je? Video lini, nikae wapi?

Hapo ndipo alipoangalia chini. Akaniangalia mkono.

"Unajua mpiga picha ametushauri," akasema. "Kamera itasogea sana karibu na vidole. Sasa kile kidole chako... Watu wataangalia kidole badala ya kupokea ujumbe. Halafu na kichwa, kile kipara kinarudisha mwanga. Tumemweka yule kijana wa teno, yule anayeuza simu, ana sura ya video. Tunachokuomba wewe ni kidogo tu. Njoo umfundishe namna ya kukaa, maana kinanda hajui."

Nilisimama pale kwenye ngazi za kanisa nikauangalia huo mkono. Kidole! Kidole kilichowapigia miaka yote hiyo, walichokisifia sasa hivi kuwa ni "vilevile", kikionekana kinaharibu ujumbe! Nilimwambia, kwa sauti ambayo watu wa jumuiya waliokuwa wanaongea pembeni waligeuka, "Mama yangu anapofuka. Mama yangu anataka kuniona nimekaa kwenye kinanda kabla hajapofuka. Nimemwahidi ni video hii. Unaelewa?"

Alielewa. Nilimwona ameelewa, macho yalimlegea. Lakini akasema, "Tumeshashona sare ya kijana." Sare yenyewe ilikuwa kitenge! Kitenge kile unaweza kumvalisha yeyote!

Unaweza kuniuliza kwa nini nilikwenda. Dada yangu aliniuliza hivyohivyo, tena kwa ukali. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na mpango. Nilisema nitafika pale, nitakaa kwenye kinanda, na nitamwona huyo mwanamume atakayeninyanyua. Wakati huo mama alikuwa bado anaona rangi na umbo la mtu, na ukisogea karibu anaona mikono, ingawa habari za kipara changu alikuwa anazisikia tu kwa watu. Baada ya hapo hapakuwa na video nyingine. Niliondoka nyumbani nimevaa shati langu jeupe, nimejipaka mafuta kichwani kabisa ili king'ae nao wakome.

Walikuwa chini ya milima ya Matogoro, kwenye majani mabichi, maana mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika. Kwaya nzima imesimama safu kwa safu, kinamama mbele, wanayumba kushoto na kulia. Spika moja kubwa ya betri inapiga wimbo uliokwisha kurekodiwa, nao wanafumbua midomo kuufuata. Na pembeni, peke yake kwenye majani, kinanda changu. Kile cha parokia, kile chenye kibonyezo kimoja kilichomeguka pembeni, kimewekwa juu ya miguu yake, hakina waya. Waya wa nini, hakuna umeme porini. Kijana wa teno amekaa nyuma yake anakandamiza kwa viganja vyote viwili kama anakanda unga wa chapati.

Nikaenda moja kwa moja. Kijana aliponiona akasimama kabla sijasema lolote, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

Ningeitikia nini? Nilikuwa nimekuja na matusi yangu nimeyapanga vizuri, na hayo yote yanahitaji mtu mwenye kiburi. Huyu hakuwa nacho. "Marahaba," nikasema.

"Mwalimu, mimi sikuomba," akaninong'oneza. "Nimewaambia mara ngapi kwamba mwenye kinanda yupo. Kaa wewe. Tafadhali kaa."

Akanipisha. Nikakaa! Naapa nilikaa. Vidole vikashuka vyenyewe mahali pake, spika ikaanza wimbo, nikapiga kinanda bubu sambamba na kinanda changu mwenyewe kilichokuwa kinatoka kwenye spika, na vilikwenda pamoja, sauti kwa sauti, mpaka kwenye kuchechemea. Labda ubeti mmoja hivi. Nilikuwa nimeshaanza kumwona mama amesogeza kigoda mbele ya televisheni.

"Kata! Kata! Nani huyo mzee?" Mpiga picha akaja mbio. Mama mwenyekiti nyuma yake. Wakaanza: tulishakubaliana, muda unakwenda, jua linapanda, usituharibie. Kinamama wa soprano, ambao nimewasindikiza kwenye ndoa zao, wanaangalia majani. Wanaume wa besi, ambao tunakunywa wote, wanaangalia milima. Hakuna aliyesema "mwacheni". Hata mmoja, jamani! Hilo ndilo linaloniuma kuliko ya prodyuza. Prodyuza ni mwizi, kazi yake ni kuiba. Hawa walikuwa watu wangu.

Nilisubiri. Niliwapa muda, nikawaangalia mmoja mmoja. Kisha nikanyanyuka.

Hapo nikafanya kitu ambacho mpaka leo sijui kilitoka wapi. Badala ya kuondoka, nikamwambia kijana akae, nikasimama nyuma yake, nikaanza kumfundisha. Nilimfundisha kwa hasira, kwa ukali kama wa sajenti. Mgongo! Viwiko! Usibonyeze kama unaua mende! Mpiga picha alifurahi, akasema sasa mzee umeelewa. Tukafika kwenye ule mteremko wa sauti, pale kamera ilipokuwa inasogea karibu kabisa, na vidole vya kijana vikashuka vyote vitano kwa usawa, vizuri, vizima.

"Hapana," nikamwambia. "Hiki cha pete kikunje."

"Nikikunje?"

"Kikunje. Kisishuke. Kidole cha mwisho kiguse, halafu cha kati. Sikiliza spika. Unasikia hapo inavyochechemea?"

Akasikiliza. Akasikia. "Aisee," akasema taratibu. Akageuka akauangalia mkono wangu, akauelewa.

Kama wanaiba, waibe na kilema. Hicho ndicho nilichokuwa nawaza. Walikikimbia kidole kilichopinda, basi kitaonekana hichohicho, kwenye mkono wenye vidole vizima. Kijana alirudia mpaka akaweza. Mama mwenyekiti aliona kila kitu. Kamera ikasogea, ikakaa juu ya kile kidole kizuri kilichokunjwa, ikakaa tena, na mimi nikashuka zangu mjini kwa miguu.

Video ilipotoka, kijana mwenyewe ndiye aliyeniita dukani kwake, akanipa ikiwa kwenye flashi, kwa mikono miwili. Sikutaka kuipeleka kijijini. Niliiweka mfukoni wiki nzima, nasingizia hili na lile. Dada akanipigia: macho ya mama yanazidi, sasa hivi anaona ukungu, majirani wanamuuliza kila siku video iko wapi, unangoja nini? Nikaamua nitakwenda nimweleze ukweli. Nimwambie mama, walinitoa. Waliona aibu na kidole ulichokifunga kwa kanga yako. Nilijua atalia, na nilikuwa tayari alie, kwa sababu nilitaka kuwe na mtu mmoja duniani wa kulia nami juu ya jambo hili.

Sikuwahi. Nilipofika nyumbani tayari kulikuwa na majirani wamejaa sebuleni, dada amepika, mama amekaa kwenye kigoda pua karibu igonge kioo cha televisheni. Jirani mmoja alikuwa ameshaipata hiyo video kwenye simu yake na amewachomekea. Ilikuwa inaendelea. Nilisimama mlangoni.

Kwaya inayumba. Milima nyuma. Halafu kinanda, na kijana nyuma ya kinanda, na kitenge chake, na nywele zake nyingi zilizochanwa. Majirani wao wanaona. Walimtazama yule kijana, wakageuka wakanitazama mimi mlangoni, na dada akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Mama yeye alikuwa anasikiliza. Sauti zikashuka kutoka juu, zikafika pale, zikachechemea. Kamera ikasogea kwenye vidole, na mama akapiga makofi ya furaha.

"Oneni! Oneni kidole! Kidole cha mwanangu hicho! Mimi mwenyewe nilikifunga!" Akanyoosha mkono, akampapasa yule kijana kwenye kioo, usoni, kichwani. "Mbona mlikuwa mnaniambia nywele zimemwisha? Si hizi hapa! Waongo nyie. Amependeza mwanangu. Baba, umefika? Nimekusikia mlangoni. Njoo hapa. Ni wewe huyu?"

Majirani wote waliinamisha vichwa. Hasira yangu yote nilikuwa nayo, haikupungua hata chembe. Nikapiga magoti karibu na kigoda. Mama akautafuta mkono wangu wa kulia, akakipata kile kidole, akakishika, huku anaangalia kingine kwenye kioo.

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ni mimi."

"Basi nimekuona," akasema. Akaomba irudiwe tangu mwanzo.

Sasa haoni tena. Uso wangu wa mwisho alioubakiza mama kichwani ni wa muuza simu wa Mfaranyaki, na hilo sitawasamehe, nasema wazi, padri akitaka anipangie kitubio. Kinanda cha parokia sijakigusa tena. Nasikia misani wanapiga kutoka kwenye kompyuta, na ni mimi pia. Kila nikienda kijijini mama ananisimulia nilivyokaa, nilivyopendeza, nywele zangu zilivyojaa, halafu ananyoosha mkono anitafute kichwa anibariki. Kwa hiyo siku hizi nikifika pale kwenye mti wa mparachichi ulio karibu na mlango wetu, kabla sijabisha hodi, navaa kofia, naivuta mpaka masikioni, na nikishaingia siivui.